Kihamba Ndani ya Ishirini kwa Ishirini

Bibi yangu alikuwa akifagia uwanja kila asubuhi kabla ya chai. Kijijini kwetu Kibosho uwanja wa mbele ulikuwa mweupe, michirizi ya ufagio ikionekana kama nywele zilizochanwa, na mgeni wa kwanza kupita aliacha nyayo zake pale mpaka jioni. Lakini uchafu aliouzoa haukuvuka ua wa masale. Majani, maganda ya ndizi, majivu ya jikoni, samadi ya ng'ombe wa ndani, vyote vilikwenda migombani, hatua kumi nyuma ya nyumba, ambako hakuna aliyewahi kupeleka ufagio. Huko kulikuwa na giza la kijani, na ukienda kuchimba magimbi ulisikia vitu vikitambaa kabla hujaviona.

Sisi wajukuu tuliohamia Dar es Salaam tulibeba ufagio tukaiacha migomba. Kiwanja ni mita ishirini kwa ishirini, nyumba katikati, ukuta wa tofali, pevingi mpaka getini, maua manne ya kwenye ndoo, na moshi wa majani yanayochomwa kila Jumamosi. Kisha tunalalamikia joto na kununua mchicha ambao hatujui umemwagiliwa maji gani.

Mwenye kiwanja cha namna hiyo, au hata nusu yake, anaweza kula kutoka humo na bado akaamshwa na ndege. Ninachokishauri ni kufuata utaratibu wa kihamba, lile shamba la migomba nyuma ya nyumba ya bibi: weka kivuli kabla ya matuta ya mboga, usitupe nje kinachoanguka, na uwape ndege na wadudu pa kulala, maana sehemu kubwa ya kazi ya bustani wataifanya wao.

Ghorofa nne

Kihamba cha Wachagga kimejengwa kwa ghorofa. Juu kabisa kuna miti mikubwa: mruka, mringaringa, msesewe, na siku hizi mgrivea. Chini yake migomba. Chini ya migomba kahawa. Chini ya kahawa magimbi, maharage na majani ya ng'ombe, huku viazi vikuu vikipanda kwenye shina la mruka kama mtu anayepanda ngazi. Maji yalishuka kwa mifongo, ile mifereji iliyochimbwa kwa mkono kutoka mitoni. Mtaalamu wa mimea Andreas Hemp, aliyeuchunguza Mlima Kilimanjaro kwa miaka mingi, alipata zaidi ya spishi 500 za mimea ndani ya vihamba, na zaidi ya 400 kati ya hizo hazikupandwa na mtu. Zilijiotea, zikaachwa. Mwaka 2011 FAO iliuingiza mfumo huu, kupitia kijiji cha Shimbwe Juu, katika orodha yake ya urithi wa kilimo duniani.

Hiyo 400 ndiyo inayonivutia. Bibi hakuwa mvivu wa kung'oa. Alijua lipi lang'olewa na lipi laachwa, na aliyaacha mengi kwa sababu hayakumdai chochote.

Pwani si mlimani, bila shaka. Arabika ukiipanda Mbezi itakufa kwa joto, na mruka hauna la kufanya kwenye kichanga. Ghorofa zinabaki, wapangaji wanabadilika. Juu weka mti mmoja au miwili tu: mnazi, mwembe, au mfenesi kama una nafasi. Ghorofa ya pili ni migomba, mipapai, mstafeli na mtopetope. Ya tatu ni mlimao, mkomamanga, mbaazi, kisamvu, na mlonge unaokatwa mara kwa mara ili usikimbilie angani. Chini kabisa matembele, magimbi, mnavu, mgagani, mlenda, mchaichai, tangawizi. Mtambaazi mmoja au wawili, pasheni au viazi vikuu, wapande ukutani na mitini.

Watu huniuliza kama mboga zitaota kivulini. Mchicha na bamia zinataka jua, kweli, lakini jua letu la saa nane mchana si jua la kumtakia mtu mema. Kivuli chepesi cha mpapai au mlonge, ambacho mwanga unapenya, huiacha mboga ipumue na udongo ubaki na unyevu. Tatizo ni kivuli kizito. Mimi nilipanda mwarobaini katikati ya kiwanja kwa sababu mche ulikuwa wa bure. Baada ya miaka sita hakuna kilichoota chini yake isipokuwa viti vya plastiki na wageni.

Kabla ya jembe

Kaa na kiwanja chako masika moja nzima kabla ya kupanda chochote kinachodumu. Panda mchicha kwenye viroba kama njaa ya bustani inakusumbua. Katika muda huo angalia mambo matatu.

La kwanza ni jua. Kwetu pwani, mwezi Juni jua hupita upande wa kaskazini mwa utosi, na Desemba hupita kusini kidogo, kwa hiyo karibu kila upande wa nyumba hupata zamu yake. Kisichobadilika ni kwamba jua la alasiri linatoka magharibi na ndilo linalounguza. Miti mirefu na migomba iwe upande huo, ikikinga ukuta wa nyumba na mboga. Vitalu vya mboga viwe mashariki, vile jua la asubuhi kisha vipumzike.

La pili ni maji ya mvua. Toka nje mvua ikinyesha, na mwavuli, uone yanakotoka na yanakokwenda. Usimtume mtoto. Utagundua kwamba jirani wa juu anakupa maji, nawe unampa wa chini, na kona moja hubaki na dimbwi hadi kesho yake. Hiyo kona ndiyo ya magimbi na migomba.

La tatu ni vilivyo chini ya ardhi: karo, bomba, msingi. Nilipanda mwembe hatua mbili kutoka karo nikidhani hatua mbili ni nyingi. Mti ulistawi ajabu, na siku fundi alipofungua mfuniko alinionyesha sababu. Mwembe, mfenesi na mkuyu iwe mbali na karo na nyumba, mita tano ni kidogo, nane ni afadhali. Mkuyu wenyewe usiupande kabisa kwenye ishirini kwa ishirini, hata kama ndege wanaupenda kuliko miti yote. Uachie shule na misikiti yenye viwanja.

Shimo la migomba

Ukifanya jambo moja tu kutoka katika makala hii, fanya hili. Chimba shimo la duara lenye upana wa mita 2 na kina cha sentimita 60 hivi, udongo uupange kuwa ukingo pande zote. Panda migomba minne kwenye ukingo, kati ya mgomba na mgomba weka mipapai, na mteremko wa nje ufunikwe na matembele. Magimbi yakae ndani, karibu na unyevu. Shimo lenyewe ndilo jalala la nyumba sasa: majani, maganda, matawi, majivu kidogo, mabua. Lijaze hadi lifanye kilima. Litashuka lenyewe, nawe utajaza tena, miaka nenda rudi.

Kisha elekeza humo maji ya kuogea na ya kuoshea vyombo. Si ya choo, na siku ya kufua nguo nyeupe kwa dawa ya kung'arisha maji hayo yamwagwe kwingine, kwa sababu yataua viumbe wote wanaofanya kazi ndani ya shimo. Mgomba ni mlevi wa maji na mlafi wa mbolea. Humo anapata vyote viwili bila wewe kunyanyua ndoo.

Chini ya lile rundo, mwezi wa tatu au wa nne, fukua kidogo uone. Minyoo, jongoo, mabuu meupe ya mbawakawa, chura mmoja aliyekasirika. Kurumbiza atakuja asubuhi kupekua humo, na mjusi atajianika kwenye ukingo. Hao chura na mijusi usiku na mchana wanakula wadudu ambao ungewanunulia dawa dukani.

Maji ya mvua nayo yanahesabika kirahisi. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1. Paa la mita za mraba 60, katika mji unaopata takriban milimita 1,000 kwa mwaka, linaangusha karibu lita 60,000. Huwezi kuhifadhi zote, wala huhitaji. Tenki moja la kukutoa kati ya vuli na masika linatosha, na mfereji wa ziada unaopeleka yaliyofurika kwenye shimo la migomba.

Nondo na mpapai

Hapa ndipo ninapogombana na majirani, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mpapai una dume na jike, na kuna miche yenye jinsi zote mbili. Ndiyo sababu tunashauriwa kuweka miche mitatu kila shimo, tungoje ichanue, tuyang'oe madume. Watu huyang'oa yote. Baadaye majike yanachanua, mapapai machanga yanapukutika, na mwenye shamba anasema mbegu ilikuwa mbovu. Dume moja kwa kila majike kumi hivi libaki, maana chavua haitoki mbinguni.

Tena chavua hiyo lazima ibebwe. Watafiti waliokesha kwenye mipapai nchini Kenya walikuta kwamba wabebaji wakuu ni nondo. Si nondo za chuma, naongea na mafundi pia: ni wale wadudu wa usiku jamaa ya vipepeo, hasa wale wakubwa wanaopiga mbawa haraka wakining'inia mbele ya ua kama ndege chozi. Wanafika giza likianza kuingia, wanakunywa kwenye ua la dume, wanadanganyika na ua la jike lisilo na kinywaji, wanaondoka. Hiyo dakika moja ndiyo papai lako.

Sasa nondo huyo alikuwa kiwavi kwanza. Kiwavi hali papai. Anakula majani ya magugu na vichaka, ya kwenye ule uwazi nyuma ya nyumba ambao kila mtu anakuhimiza ufyeke. Ukifyeka kote, ukachoma, ukamwaga saruji, umemfukuza mkunga wa mipapai yako, halafu utanunua mche mwingine ukidhani wa kwanza ulikuwa tasa. Na taa kali ya nje inayowaka usiku kucha inampoteza: atazunguka balbu badala ya ua hadi alfajiri, mjusi kafiri amle. Weka taa ya kuwashwa kwa haja, au ielekeze chini.

Kwa hiyo tenga kona. Mita mbili kwa tatu inatosha kwa kuanzia, nyuma kabisa, mbali na mlango. Acha kiotacho kiote, ila ng'oa vile vinavyotawala na kuua wenzake. Humo ongeza kivumbasi na mrehani viachwe vichanue, mshubiri kwa ajili ya chozi, na rundo la magogo makavu. Lile rundo lina kazi yake. Nyuki mkubwa mweusi anayetoboa kenchi zako na kukumwagia unga wa mbao kichwani ndiye huyo huyo anayechavusha pasheni, kwa kuwa ua la pasheni ni kubwa na nyuki wa kawaida hupita chini bila kugusa panapotakiwa. Pasheni ya njano haiwezi hata kujichavusha yenyewe. Mpe nyuki huyo gogo laini lililokauka, lisilopakwa dawa, juani kidogo na lililonyanyuliwa kutoka ardhini, naye ana sababu ya kuziacha kenchi.

Jirani mmoja alisimama ukutani akaniuliza kwa upole, "Jirani, ile sehemu fundi wa kufyeka hakumaliza?" Nilijifunza kutoka hapo. Kichaka kisicho na mpaka ni uzembe machoni pa watu; kichaka chenye mpaka ni bustani. Panga mawe au chupa pembeni mwake, fagia njia inayokizunguka iwe nyeupe kama uwanja wa bibi, na punguza kwa panga kile kinachoning'inia njiani. Tangu nifanye hivyo ananiuliza majina ya mimea.

Majimoto wasiguswe

Kila mtoto wa pwani aliyewahi kupanda mwembe anawajua majimoto: siafu wekundu wa mitini wanaoshona majani kwa uzi wa mabuu yao, na kukuacha ukiruka-ruka kwenye tawi. Desturi ni kuwachoma kwa mwenge. Ni kosa la gharama.

Kuna mdudu anayefyonza nazi changa zikadondoka kabla ya wakati. Wakulima wa mikorosho nao wanamjua, na wanamwita mbu wa minazi ingawa si mbu. Jina lake la kisayansi, *Pseudotheraptus wayi*, linatokana na Michael Way, mtafiti aliyefanya kazi Zanzibar miaka ya 1950 na kuonyesha kwamba mnazi wenye majimoto wengi haupotezi nazi kama mnazi usio nao. Hawa siafu wanawinda kila kinachotembea juu ya mti wao. Kwenye mikorosho wanamwinda pia mdudu mwingine, yule aitwaye mbu wa mikorosho, na kwenye miembe wanawasumbua nzi wa matunda, hasa yule vamizi aliyegunduliwa Kenya mwaka 2003 akasambaa sehemu kubwa ya Afrika.

Kuwatunza si kazi. Funga kamba au fito kutoka mti hadi mti ili wavuke bila kushuka chini, kwa sababu chini wanaviziwa na sisimizi wadogo wa kahawia wanaowashinda vita. Wakati wa kiangazi waning'inizie utumbo wa samaki. Kama koloni mbili zinapigana, usizifungie daraja moja. Siku ya kuchuma, jipake majivu mikononi na kwenye miguu, chuma mapema asubuhi kukiwa na ubaridi, na vaa shati la mikono mirefu. Utaumwa mara mbili tatu. Mimi nahesabu hiyo kuwa kodi.

Mti ulio juu ya kibaraza au bembea ya watoto usiwaache wapande. Akili kidogo.

Maji ya ndege, si ya mbu

Sahani ya udongo yenye maji, kimo cha vidole viwili, na jiwe katikati la kusimama, itakuletea tetere, shorewanda na chiriku kuliko mbegu za kununua. Iweke mahali pa wazi ili paka asivizie, karibu na kichaka cha kukimbilia.

Lakini Dar es Salaam ni mji ambao umeshapata milipuko ya dengue, mwaka 2014 na tena 2019, na mbu wa dengue hutaga kwenye maji safi ya kwenye vyombo vya nyumbani. Kutoka yai hadi mbu arukaye huchukua kama wiki moja kwenye joto letu. Kwa hiyo mwaga na usugue sahani kila siku ya tatu bila kukosa. Hayo maji yamwagie mboga. Pindua ndoo, kata matairi, funika tenki kwa wavu. Kama huwezi kutimiza hilo, usiweke sahani. Ndege watatafuta kwingine.

Popo wadogo, wale wa kwenye dari, wanakula mbu na nondo waharibifu kwa wingi. Dari lenyewe zibe kwa wavu, kinyesi chao hakifai ndani ya nyumba, ila usiwaue. Na bundi akitua juu ya mwembe wako usimtupie jiwe. Najua yanayosemwa. Bibi naye aliyasema, na bado aliacha mti wake mkavu usimame, kwa maana panya walikuwa wakimlia mahindi ghalani.

Wanaokuja bila kualikwa

Kunguru wa mjini, yule mwenye shingo ya kijivu, si mwenyeji. Aliletwa Zanzibar kutoka India mwishoni mwa karne ya 19, na sasa anamaliza mayai na makinda ya ndege wetu. Anafuata taka. Rundo la mboji lisiwe na ugali, wali, nyama wala dagaa juu yake. Mabaki ya chakula yafukie kati ya majani, kiganja kizima kwenda chini, kisha funika. Bustani nzuri yenye pipa lililo wazi ni banda la kunguru.

Kwa ndege wadogo kuna kinga ya zamani, mchongoma. Wahenga walisema kuupanda mchongoma si kazi, kuushuka ndiyo ngoma, na paka anakubaliana nao. Ua wa mchongoma uliokatwa vizuri unazaa matunda ya kula, unazuia mwizi, na ndani yake chozi na chiriku hujenga bila hofu. Ukuta wa tofali unafanya moja tu kati ya hayo.

Swali la nyoka haliepukiki. Nyoka hufuata panya, na panya hufuata chakula kilichomwagika na mirundo iliyo karibu na nyumba. Rundo la magogo na kona ya kichaka viwe mbali na mlango na madirisha, njia ziwe wazi na pana kiasi cha kuona unapokanyaga, na usiku tembea na tochi. Pumba na mahindi ya kuku yafungwe kwenye pipa lenye mfuniko. Kuku wenyewe wasiachwe huru ndani ya bustani changa. Kuku watano kwa asubuhi moja watafukua matandazo yote na kula kila mche. Mimi huwaingiza jioni, saa moja tu kabla ya kulala, chini ya miti ya matunda, waokote mabuu ya nzi kwenye matunda yaliyoanguka.

Dawa, na lini uiweke chini

Bustani yenye viumbe ina majani yenye matundu. Yule kiwavi anayefanana na kinyesi cha ndege juu ya jani la mlimao ndiye atakayekuwa kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya njano. Mlimao mzima uliokomaa hauhisi viwavi kumi. Mche wa sentimita 40 utakufa. Basi watoe kwenye mche, wapeleke kwenye mti mkubwa, na wengi wao nyigu na ndege watawamaliza.

Kantangaze kwenye nyanya na viwavijeshi vamizi kwenye mahindi ni habari nyingine, na sitakudanganya kwamba chozi atakuokoa. Kwenye kiwanja kidogo ushauri wangu ni kuacha nyanya kubwa na mahindi kwa mwenye shamba. Panda kinachovumilia: bamia, kunde, mnavu, mgagani, biringanya, nyanya chungu, nyanya ndogo za kienyeji. Mboga hizi za asili ambazo miaka fulani tuliziita za maskini ndizo World Vegetable Center pale Arusha imekuwa ikizikusanyia mbegu na kuziboresha, na mbegu zilizoboreshwa za mnavu na mgagani sasa zinapatikana kwenye maduka ya pembejeo.

Ikibidi kunyunyiza, twanga mbegu za mwarobaini zilizokauka, gramu 50 kwa lita 1 ya maji, loweka usiku kucha, chuja kwa kitambaa, weka sabuni ya maji kidogo ili ishike kwenye jani. Nyunyiza jioni nyuki wakiwa wamelala, kwenye majani yaliyoshambuliwa tu, kamwe si kwenye maua. Asubuhi ni mwiko: ua la boga linafunguka alfajiri na kufungwa kabla ya adhuhuri, na katika hizo saa chache nyuki lazima atoke ua la dume aingie la jike. Ukimwaga dawa saa mbili asubuhi utakula majani ya maboga, boga hulioni.

Na kila kitalu kikiisha, acha mashina mawili matatu ya mchicha, mgagani na kivumbasi yazeeke. Watu wanaona uvivu. Chiriku wanaona karamu, nawe unapata mbegu ya bure ya msimu ujao.

Mwaka wa kwanza

Mwaka wa kwanza kiwanja kitaonekana kibaya. Udongo wa kichanga unakula mboji kama haujawahi kushiba. Weka samadi iliyoiva, kisha matandazo ya nyasi au majani unene wa kiganja, na usiache udongo uchi hata mwezi mmoja. Kati ya miti michanga panda mbaazi kwa wingi. Zinakua haraka, zinarutubisha udongo, zinatoa kivuli cha kulelea miche, na mwaka wa pili unazikata kuwa kuni. Miche ya miti ya asili uliza kwa Wakala wa Huduma za Misitu (TFS), wana mbegu na wanajua msimu.

Migomba itabeba kabla ya mwaka na nusu kuisha, ikipata maji. Mikungu itafuatana na machipukizi yatazidi, na hapo jirani aliyeuliza kuhusu fundi wa kufyeka atakuja kuomba. Mpe lile lenye majani membamba kama upanga na shina nene chini. Lile lenye majani mapana tangu udogoni ni dhaifu, usimpe mtu unayemheshimu. Mchimbie na kitako chake, menya mizizi na ngozi ya nje hadi kitako kiwe cheupe, kichovye kwenye maji yanayochemka kwa sekunde 30 ili fukusi na minyoo ya mizizi wasihame naye, kisha mwambie akipande jioni hiyo hiyo. Shimo aanze kulichimba leo.